Hospitali ya Maboksi ya Kisogoni

Haya sikuyaota, wala sikuyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu. Yalitokea juzijuzi tu katika Jamhuri ya Mbwembwe, nchi ambayo msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana akiitafuta sana anaweza kuiona.

Mbwembwe ni nchi iliyojaliwa. Kila kitu kipo, na kama hakipo dukani basi kipo kwenye hotuba. Mkoa wa Kisogoni, kwa mfano, ulikuwa na hospitali kubwa iliyokuwa ikijengwa kwa ripoti. Mwanzoni Mkuu wa Mkoa aliarifu makao makuu kwamba msingi umechimbwa. Mwaka uliofuata, kwa kuwa msingi hauwezi kukaa tu bila kuta, akaarifu kuta. Kuta zikahitaji paa, paa likapatikana. Kisha akaja Mkuu wa Mkoa mwingine, Bwana Kitwana, mtu wa maendeleo, naye akaongeza ghorofa na lifti. Kwenye kiwanja chenyewe watu walikuwa wanalisha mbuzi, na kusema kweli mbuzi wale walikuwa na afya njema sana.

Katika mji huohuo kulikuwa na chekechea ya Mwalimu Sikudhani. Ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha makubwa, mikeka, na watoto wengi kuliko mikeka. Mwalimu Sikudhani alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Kila mwezi darasa lilipewa mada, na chumba chote kikageuka kuwa mada hiyo. Mwezi mmoja walikuwa kiwanda cha mikate. Mwezi mwingine walikuwa posta, na watoto wakajua kuandika majina yao kwa sababu asiyejua jina lake hakupata barua.

Wazazi walinung'unika kidogo. Baba mmoja alimwendea akamwambia, "Mwalimu, mimi nimemleta mwanangu asome. Kila nikipita naona anauza maandazi ya udongo."

"Jana aliuza mangapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Alisema kumi na manne, yakabaki sita."

"Basi muulize jioni alipika mangapi. Akikosea, mrudishe nyumbani."

Jioni yule baba alimuuliza. Hakumrudisha nyumbani.

Mwezi ninaousimulia, mada ilikuwa Hospitali. Maboksi ya sabuni yalipangwa yakawa vyumba. Khanga kuukuu ikawa pazia la wodi. Vidonge vilikuwa karanga za kukaanga, na kifaa cha kusikilizia moyo kilikuwa kamba ya katani yenye kizibo cha soda. Daktari Mkuu alikuwa Havijawa, binti wa miaka mitano, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Mapokezi alikaa Stumai, mjukuu wa Bwana Kitwana mwenyewe. Gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa boksi la jokofu lililokatwa kitako, liliendeshwa na Ngwali. Huyu alitumia sahani ya plastiki kama usukani, na king'ora alikitoa kooni mwake.

Siku ya kwanza Havijawa aliucheza udaktari kama alivyouona zahanati alipomsindikiza bibi yake. Aliinamisha kichwa mezani, akasema "mwingine" bila kumtazama mtu, akaandika, akasema "mwingine" tena. Mtoto aliyekuwa mgonjwa wa uongo akaangua kilio cha kweli.

Mwalimu akawakalisha wote mkekani. "Kwa nini mwenzenu amelia?"

Wakafikiri. Stumai akasema, "Hakuulizwa anaumwa wapi."

"Basi tufanyeje?"

Wakajadiliana, na Bunge la Mbwembwe lingesikia lingeona haya. Wakakubaliana kwamba mgonjwa kwanza anasalimiwa, kisha anatazamwa machoni, kisha anaulizwa anaumwa wapi na tangu lini. Na kama ugonjwa ni mkubwa kuliko karanga, gari la wagonjwa linampeleka hospitali kubwa. Hospitali kubwa ilikuwa kona ya nyuma, karibu na ndoo ya maji.

Sasa, wakati watoto wakitibiana kwa raha zao, makao makuu walipiga simu kwa Bwana Kitwana. Waziri wa Afya na Mwonekano wa Afya, Mheshimiwa Mwinyigogo, alikuwa amesoma habari za lifti. Alivutiwa sana. Alikuwa anakuja Ijumaa kuifungua hospitali.

Bwana Kitwana alikaa sebuleni kwake akitokwa na jasho chini ya feni. Aliwaza kuugua, lakini Waziri wa Afya angekuja kumwona. Aliwaza daraja livunjike, lakini daraja la Kisogoni nalo lilikuwa la ripoti. Ndipo mjukuu wake Stumai akaingia, mkono umefungwa bandeji ya kitambaa.

"Umefanya nini, mjukuu wangu?"

"Shikamoo, babu. Nilikuwa na malaria ya mkono. Nimetibiwa hospitali."

"Hospitali gani?"

"Ya kwetu. Ina wodi, ina dawa, ina daktari, na mimi ndiye mapokezi."

Bwana Kitwana aliacha kutokwa na jasho.

Kesho yake asubuhi alikuwa chekechea, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimgusa kidevu. Mwalimu Sikudhani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "ule ni mchezo."

"Mwalimu, hatuwezi kuliita jambo mchezo kabla serikali haijalitolea tamko."

"Watoto wanajifunza kwa kuigiza. Wanajua wazi kwamba wanaigiza. Hilo ndilo linalowasaidia."

"Na sisi tutaigiza kwa saa moja tu," Bwana Kitwana akamwambia kwa sauti ya chini. "Ukikataa, nitalazimika kuona kwamba jengo hili halina choo cha walimu wanaume. Litafungwa."

"Hapa hakuna mwalimu mwanaume."

"Basi ni makosa mawili."

Mwalimu akawatazama watoto wake. Walikuwa wanamfunga bandeji mwanasesere asiye na mguu, kwa upole ambao ungekutoa machozi. Kama darasa lingefungwa, wangerudi kukaa barazani kwa bibi zao na kufukuza kuku.

"Sawa," akasema. "Ila humu ndani kuna sheria. Kila anayeingia anavua viatu. Kila anayeingia anapewa nafasi yake katika mchezo, na anaicheza mpaka mwisho. Hakuna kutoka nje ya nafasi. Sheria ni hizohizo kwa Ngwali, na ni hizohizo kwa Waziri."

Bwana Kitwana akakubali. Katika maisha yake alikuwa amekubali mambo magumu kuliko hayo.

Ijumaa ikafika, na msafara ukafika nayo. Yalikuwa magari meusi, marefu, yanayong'aa, na nyuma yake magari ya kuangalia kama yale ya mbele yanang'aa. Redio ya Taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja. Mheshimiwa Mwinyigogo alishuka, mtu mnene mwenye macho ya kuchoka, akavuliwa viatu na wasaidizi wawili, akaingia akiwa ameinama chini ya utepe uliofungwa mlangoni kwa kimo cha watoto.

Akatazama huku na huku.

"Naona samani ni fupi," akasema.

"Kubana matumizi, Mheshimiwa," Bwana Kitwana akajibu.

"Naona madaktari pia ni wafupi."

"Sera ya vijana, Mheshimiwa."

"Na lifti?"

"Imepanda, Mheshimiwa. Tunaisubiri ishuke."

Waziri akaridhika. Akatoa hotuba ndefu kuhusu mchango wa hospitali katika afya, na mchango wa afya katika kutokuugua. Kuna pahala alisema kwamba serikali haitavumilia magonjwa yanayokuja bila taarifa, na wasaidizi wakapiga makofi. Kisha akarudi mlangoni, akakata utepe, na mtangazaji akawaambia wananchi kwamba sasa waje, milango iko wazi.

Desturi ya Mbwembwe ni kwamba anayefungua kitu anakitumia yeye kwanza. Waziri wa Maji hunywa, Waziri wa Barabara hutembea hatua chache. Kwa hiyo Mheshimiwa akaelekea kwenye boksi la daktari. Stumai akamzuia kwa mkono mdogo.

"Shikamoo. Panga foleni."

"Huyu ni Waziri," mlinzi wake akasema.

"Ndiyo. Akae nyuma ya huyu," Stumai akasema, akamwonyesha mwanasesere asiye na mguu. "Huyu ametangulia."

Mlinzi akamtazama Bwana Kitwana. Bwana Kitwana akaitazama dari. Waziri akakaa mkekani, nyuma ya mwanasesere. Zamu yake ilipofika, Havijawa alimsalimia, akamtazama machoni, akamwekea kizibo cha soda kifuani.

"Unaumwa wapi?"

Waziri akafungua mdomo atoe shukrani kwa niaba ya wizara, kisha akakumbuka alichoulizwa. Ilikuwa miaka mingi watu wakimuuliza ana maelekezo gani. Anaumwa wapi hakuna aliyemuuliza.

"Hapa," akasema polepole, akashika paji la uso. "Silali, daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoteuliwa. Nikifumba macho naona watu wananiuliza maswali, na mimi sijui kitu. Nilisomea ufugaji wa nyuki."

Havijawa akatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuona ugonjwa huo mara nyingi. Akampa karanga mbili, akampeleka nyuma ya khanga, akamlaza mkekani na kumfunika khanga nyingine mpaka kidevuni. "Lala. Ukiamka utakuwa umepona." Watoto wawili wakakaa kando yake kumpepea kwa makawa ya kufunikia chakula. Kabla hajamaliza kutafuna karanga ya pili, Waziri alikuwa anakoroma.

Hapo ikazuka shida ndogo ya kiitifaki. Mwongozo wa Serikali unakataza mtu yeyote wa cheo cha chini kumwamsha Waziri, na waliokuwepo wote walikuwa wa cheo cha chini. Basi msafara ukasubiri. Madereva wakaegemea magari yao. Bwana Kitwana akakaa kwenye boksi la dawa, akala karanga moja, kisha nyingine.

Lakini redio ilikuwa imeshasema milango iko wazi, na watu wa Mbwembwe, pamoja na mambo yote waliyoyaona, huwa bado wanaiamini redio. Katika kijiji cha jirani alikuwepo kijana aitwaye Hemedi, na mkewe Mashavu alikuwa na uchungu wa uzazi tangu jana yake, na mkunga alikuwa amesema hili limemshinda. Hemedi aliposikia tangazo alimlaza mkewe kwenye mkokoteni, akauvuta mbio mpaka Kisogoni. Alifika mlangoni pa chekechea ametapakaa vumbi.

Akaona maboksi. Akaona watoto. Akaangalia nyuma yake, kama vile labda amekosea mlango.

"Hii ndiyo hospitali?" akauliza.

Bwana Kitwana alikuwa na karanga mdomoni. Alipoimeza alisema, "Mpeni dawa," kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuiheshimu.

Mashavu akaguna kule kwenye mkokoteni. Havijawa akatoka na kizibo chake, akapanda kwenye gurudumu ili amfikie, akamsalimia.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Mgongo, mwanangu. Na tumbo. Kila mahali."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Havijawa akaushika mkono wake kidogo, kisha akashuka, akamwendea Mwalimu Sikudhani na kumvuta gauni. "Mwalimu," akasema kwa kunong'ona, "huyu hachezi."

"Najua," Mwalimu akasema. "Na ugonjwa ukiwa mkubwa kuliko karanga, daktari, tulisema tunafanyaje?"

"Tunaita gari."

Ngwali alikuwa tayari ndani ya boksi lake la jokofu. Akaupima mkokoteni kwa macho, akalipima boksi. "Haenei," akasema. Akatoka na sahani yake mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye gari la kwanza la msafara, lile refu kuliko yote. Dereva wake alikuwa anajichokoa meno.

"Fungua mlango," Ngwali akamwambia. "Kuna mgonjwa."

"Gari la Waziri haliondoki bila Waziri, mdogo wangu. Ndio utaratibu."

"Waziri yuko wapi?"

"Amelazwa kwenu."

Mwalimu akaelewa palipo na fundo. Lakini Havijawa alikuwa ameshaelewa kabla yake. Waziri alikuwa mgonjwa wake, na hakuna mwongozo unaomkataza daktari kumwamsha mgonjwa. Akaingia nyuma ya khanga, akamtikisa bega.

"Umepona," akamwambia. "Amka, mwenzio anataka kitanda."

Mheshimiwa Mwinyigogo akafumbua macho. Wanasema alikuwa na sura ya mtoto aliyeamshwa baada ya usingizi wa mchana, shavu likiwa na alama za mkeka. Mwalimu akamweleza kwa maneno machache. Hakumpamba wala hakumtukuza. Kwamba hakuna hospitali, hakuna daktari, kuna mama nje anayeweza kufa, na lipo gari.

Waziri akainuka. "Na mimi katika hili ni nani?" akauliza. Hakuuliza kwa kiburi. Alitaka kujua kweli.

"Wewe ni msaidizi wa gari la wagonjwa," Ngwali akasema. "Unamshika mgonjwa mkono. Usimwachie."

Wakampakia Mashavu kwenye kiti kirefu cha ngozi. Hemedi akakaa chini miguuni pake, Mwalimu akapiga magoti kando, Waziri akashika mkono. Ngwali akang'ang'ania kukaa mbele na sahani yake, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa mjadala akaachiwa nafasi. Akavuta pumzi, akafungua koo: wiu, wiu, wiu. Madereva wa msafara wa Mbwembwe wamefunzwa jambo moja tu, kwamba king'ora kikilia wote wanaondoka. Wote wakaondoka.

Kitu kimoja kilimshangaza Mwalimu. Hakuna dereva aliyeuliza njia. Hospitali ya kweli ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi jirani, kwenye mji ambao yeye hakuwahi kuufikia, lakini magari yalikata kona zote kama punda warudio zizini. Mpakani askari walinyanyua kizuizi bila kutazama. Mlangoni pa hospitali muuguzi mmoja mwenye miwani alikuja mbio na kiti cha magurudumu.

"Karibu tena, Mheshimiwa. Leo ni presha au ni sukari?"

"Leo si mimi," Waziri akasema. Mkono wake ulikuwa umebanwa na Mashavu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Leo mimi ni msaidizi."

Mtoto alizaliwa jua halijazama, msichana, mwenye sauti iliyomfanya Ngwali anyamaze kwa heshima ya fundi mwenzake. Muuguzi alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza mama na mtoto. Hemedi alikaa kwenye sakafu ya veranda akalia. Waziri akakaa karibu naye, bila viatu, kwa maana viatu vilikuwa vimebaki chekechea.

Sasa nieleze yaliyofuata, maana serikali yetu haijawahi kuacha jambo bila kulichukulia hatua. Mheshimiwa Mwinyigogo alirudi makao makuu, akasimama mbele ya mawaziri wenzake, akasema, "Kisogoni hakuna hospitali." Wakacheka sana, wakampongeza kwa ucheshi. Alipoirudia sentensi ile mara ya pili wakanyamaza. Alipoirudia mara ya tatu akawa si waziri tena. Bwana Kitwana, kwa upande wake, alipandishwa cheo kwa kufungua hospitali kabla ya kuijenga, jambo ambalo nchi zilizoendelea bado hazijaliweza.

Lakini watu wa Kisogoni walikuwa wamejifunza kitu, na walijifunza kwa njia ileile ya watoto, kwa kukiona kikitendeka. Waligundua kwamba magari meusi yana milango, na milango hufunguka. Tangu siku ile, gari la serikali halikuweza kupita mjini bila kusimamishwa. Watu walikuwa wapole, walisalimia kwanza. "Shikamoo, Mheshimiwa. Tuna bibi hapa amevunjika nyonga. Wewe mshike mkono." Maafisa waliokuwa wanakwenda kwenye semina za kupambana na umaskini wakajikuta ng'ambo ya mpaka wamepakata mtoto mwenye surua. Viti vya ngozi vikaharibika. Katibu Mkuu mmoja alishuhudia mapacha wakizaliwa kwenye gari lake na hakuweza kula kwa siku kadhaa.

Ile hospitali iliyokuwa haiwezekani miaka yote ikawezekana ghafla. Wakaja mafundi, saruji, na vitanda vyenye magurudumu. Mbuzi wakahamishwa kwa heshima. Ikajengwa upesi kweli, ya ghorofa moja, bila lifti. Serikali ilitangaza kwamba imesikia kilio cha wananchi. Mimi sibishi. Nadhani ilisikia kilio cha viti, lakini wagonjwa hawachagui.

Chekechea nayo haikufungwa. Mashavu huja pale na binti yake mgongoni kusaidia kupika uji.

Siku moja asubuhi, miezi kadhaa baadaye, mtu mnene alisimama mlangoni, amevaa shati la kawaida, amekuja kwa miguu, amebeba chupa ya asali ya nyuki wake. Mwalimu Sikudhani alimtambua akamkaribisha. Alivua viatu mwenyewe, kwa tabu kidogo kwenye kamba.

"Wanacheza nini mwezi huu, Mwalimu?"

"Serikali."

Chumba kilikuwa na kelele kama kinavyopaswa. Ngwali alikuwa Spika na hakuna aliyemsikiliza. Stumai alikuwa mawaziri watatu kwa pamoja, kwa uhaba wa waombaji. Havijawa, ambaye alikuwa Rais tangu Jumatatu na alikuwa ameshachoka, alimwona mgeni, akaja, akamsalimia, akamtazama machoni.

"Unataka kuwa nani?"

Mgeni akatazama viti vilivyobaki wazi, na vilikuwa vizuri, kimoja hata kilikuwa na mto.

"Ninaweza kuwa mwananchi?" akauliza.

Havijawa akampima kuanzia unyayoni mpaka kichwani.

"Hiyo ni ngumu," akamwambia. "Umewahi?"

"Sijawahi."

"Basi kaa hapa karibu yangu," Havijawa akasema, akimsogezea mkeka. "Tutakufundisha polepole."